Usikubali fundi avue kava ya chini ya injini

SEHEMU YA 1

Wiki iliyopita tuliongea kiti cha mtoto kwenye gari. Leo tunashuka chini zaidi, mpaka uvunguni. Najua mtasema nesi amekosa la kuandika. Soma kwanza, utanikumbuka siku ya sevisi.

Inama uangalie chini ya injini ya gari lako. Magari mengi ya familia yana kava nyeusi pale, ya plastiki, imeshikwa na klipu na bolti ndogondogo. Fundi akitaka kumwaga oili, mara nyingi lazima aifungue. Kuifungua si tatizo. Tatizo ni kuirudisha. Hapo ndo utasikia: "Dada, hii haina kazi. Inabana joto tu. Hii ni ya Ulaya kwenye baridi, huku kwetu tunazitoa." Na wewe mtoto analia mgongoni, unalipa, unaondoka. Kava yako inabaki nyuma ya gereji na wenzake.

Nasema hivi: usikubali. Na nitakwambia kwa nini.

SEHEMU YA 2

Mimi mwenyewe nilikubali, siwafichi.

Ilikuwa masika. Nimetoka shifti ya usiku, nimempitia mwanangu kwa bibi yake. Njiani kuna maji yamesimama, hata nusu ya tairi hayafiki, magari mengine yanapita. Na mimi nikapita, polepole. Kutoka tu upande wa pili, injini ikaanza kupiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, na taa ya betri ikawaka. Nikasimama pembeni. Mtoto wa miaka miwili nyuma, malori yanatupita kwa kasi, simu ina chaji kidogo. Yaani nilitetemeka mimi ninayeshika dharura kila siku.

Ulikuwa mkanda wa feni. Umerushiwa maji ya barabarani, unateleza. Ulipokauka kelele ikaisha, nikajua yameisha. Wiki chache baadaye mkanda ukakatika kabisa, na kwenye mifereji yake tukakuta mchanga na vijiwe. Fundi mwingine akaniuliza swali moja tu: "Dada, kava yako iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliiacha kule mwenyewe, kwa mdomo wangu nikasema sawa.

SEHEMU YA 3

Sasa twende kwenye hiyo hoja ya joto, maana ndo wanayotushindia.

Gari lako na langu linapozwa na maji. Pampu inazungusha maji au kulanti ndani ya injini, yanabeba joto, yanaenda kwenye rejeta, feni inayapoza, yanarudi. Injini ikichemka, wa kuulizwa ni hawa: maji yamepungua, rejeta imeziba, feni haizunguki, themostati imekwama, pampu imechoka. Kumvua kava mgonjwa huyu ni sawa na kumvua soksi mtoto mwenye malaria ukasema umemtibu.

Tena kwenye magari mengi kava hiyo inasaidia hewa inayoingia kwa mbele ipite kwenye rejeta badala ya kukimbilia chini. Na mkanda ule wa nje, kwenye magari mengi, ndo unaozungusha pampu ya maji. Sasa piga hesabu: umetoa kava ili injini ipoe, mkanda umelowa na kuliwa na mchanga, umekatika, pampu imesimama. Injini imechemka. Umelipia ugonjwa.

SEHEMU YA 4

Nilipomrudia fundi wa kwanza kwa upole, akanionyesha video kwenye simu. Wazungu wanatoa kava chini ya Porsche 911, gari la mbio la mamilioni. "Unaona dada? Hata wao wanatoa."

Nikaenda kusoma, kwa sababu kazini tumefundishwa kusoma cheti kabla ya kutoa dawa. Na kweli, wapo wanaotoa. Lakini ni 911 zipi? Zile za zamani zinazopozwa na hewa, zilizoacha kutengenezwa mwaka 1998. Injini iko nyuma, haina rejeta ya maji kabisa, kama zile Volkswagen za babu zetu zenye mgongo wa kobe. Feni kubwa inasukuma hewa kutoka juu, inapita kwenye mapezi ya silinda, na ile hewa ya moto inatokea chini. Toleo la 964, la mwishoni mwa miaka ya 1980, likaja na kava chini ya injini, kwa ajili ya kupunguza kelele na kulifanya gari liteleze vizuri kwenye upepo. Wenye magari wakasema: mnaziba pale pale joto linapotokea! Ndo maana wengine wanaivua, wengine wanaiacha, na ubishi wao bado haujaisha.

Ubishi huo una maana kwa gari lile. Mimi siupingi. Ningekuwa nayo labda na mimi ningevua. Lakini hiyo ni dawa ya mgonjwa wa kitanda kingine! Gari lako injini iko mbele, inapozwa na maji. Wodini ukimpa mgonjwa wa kitanda cha nne dawa ya kitanda cha saba, hakuna anayekuuliza kama dawa ilikuwa nzuri.

Na kuna kingine ambacho fundi hakunionyesha. Mwaka 1978 Porsche 911 zilikuja Kenya kwenye Safari Rally, na moja ikashika nafasi ya pili ikiendeshwa na Vic Preston Junior. Gari hizo ziliinuliwa juu na kufungwa kinga nzito chini, si plastiki. Yaani gari lile lile la kwenye mfano wake, lilipofika kwenye mawe na tope letu, liliongezewa kinga. Halikuvuliwa.

SEHEMU YA 5

Hoja nyingine: "Kava inaficha oili inayovuja." Hii ina ukweli, na nitaiheshimu. Oili ikijaa juu ya kava, au fundi akisahau kitambaa chenye oili pale karibu na ekzosi, utanusa moshi, na moto unaweza kutokea. Lakini jibu ni kuziba panapovuja na kuosha kava. Kidonda kichafu tunasafisha, hatukati mguu.

Nikubali na hili: kava iliyopasuka na inaning'inia, itolewe leo leo, maana ikiburuzwa ni hatari. Ila uende ukafunge nyingine. Na usikubali kufungiwa na waya. Klipu zinauzwa.

SEHEMU YA 6

Ukienda sevisi, fanya haya:

Kabla hawajaanza, piga picha uvunguni. Ukirudi, inama tena uangalie. Hakuna aibu, gari ni lako.

Fundi akisema haina kazi, muulize: "Gari langu linapozwa na nini?" Umuone atakavyokutazama.

Na baba asiingie uvunguni kwa gari lililoshikwa na jeki peke yake. Liwekewe stendi. Naomba sana.

Mshale wa joto ukipanda njiani: simama, zima gari, toa watoto kwa upande usiopita magari, mkae mbali na barabara. Usifungue mfuniko wa rejeta mpaka ipoe kabisa. Maji yale yanaruka usoni na kifuani, nimewauguza walioungua hivyo na sitaki kukuuguza wewe. Mtu akiungua, mmwagilie maji safi ya kawaida dakika 20, kisha hospitali. Si dawa ya meno, si unga, si yai.

Mama, wewe ndo unayebeba watoto kwenye hilo gari. Usiogope kuonekana mjuaji. Mtumie na mwenzako mwenye sevisi wiki hii. Wiki ijayo tutaongea tairi za mtumba.

Nesi wenu.