Kasha la Deki Bovu Lingali na Kazi

Nyumba nyingi za mjini zina deki ya video iliyokwisha kufa, au redio ya kaseti isiyotoa tena hata mkwaruzo, au king'amuzi kilichonunuliwa kwa haraka Dar es Salaam ilipozimiwa matangazo ya analojia Desemba 31, 2012. Vimekaa juu ya kabati vikiwa vimefunikwa kitambaa, na siku ya kuhama vitatupwa. Nawaomba msivitupe kabla ya kuvifungua. Kilichokufa ni cha ndani. Kasha ni zima.

Mwaka huo huo wa 2012, huko Cambridge, Uingereza, ilitoka kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi. Bodi yake ina urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56, na hutumia umeme wa volti 5. Ukiiunganisha na runinga, kibodi na kipanya, mwanafunzi ataandika insha na kujifunza kutunga programu. Lakini kwa kawaida huuzwa bodi tupu. Ikiachwa wazi mezani, msumari mmoja ukiidondokea inaweza kuungua, na huku kwetu pwani vumbi na hewa ya chumvi havina huruma. Ndipo watu wanapoagiza kasha la plastiki kutoka mbali, ilhali kasha la chuma lenye matundu ya hewa na miguu ya mpira linapelekwa jalalani. Nasema huu ni ubadhirifu.

Anayetaka mashine yenye nguvu zaidi naye ana pa kuanzia. Tangu 2001 kuna bodi za kipimo kiitwacho Mini-ITX, zenye sentimita 17 kila upande, na deki nyingi za zamani zina upana wa sentimita 43 hivi. Nafasi inabaki ya diski na feni.

Nitajibiwa kwamba kasha jipya si ghali. Huenda. Lakini kasha la kununua halimfundishi kijana kitu, na hili ndilo linaloniuma. Kijana anayepima, anayetoboa kwa drili na kulainisha ukingo kwa tupa, amejifunza kazi. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, wanakunja bati likawa sanduku la mwanafunzi. Ustadi wa kufungua nafasi ya waya nyuma ya king'amuzi hauwezi kuwashinda. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaletea kazi hiyo. Walimu wa kompyuta, kwa nini msiwe nyinyi?

Ila kazi hii ifanywe kwa akili, maana ndani ya makasha haya mna hatari. Kapasita kubwa ya pawasaplai inaweza kushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiifungue mtoto peke yake. Runinga za kioo kinene msiziguse kabisa: kioo chake kina madini ya risasi, na bomba lake la picha hubaki na umeme mkali. Redio za kale za valvu nazo zina mtego wake, kwa kuwa baadhi yake zilitengenezwa chuma cha ndani kikiwa kimeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Kwa kompyuta ndogo, ushauri wangu ni mmoja: toeni pawasaplai yote ya zamani, kisha volti 5 ziingie kutoka kwa adapta iliyo nje. Na ikilazimu umeme wa ukutani uingie ndani ya kasha la chuma, fundi wa umeme afunge waya wa ethi kwenye chuma hicho. Hapo hapana mjadala.

Bodi isilale juu ya chuma. Iinuliwe kwa viguzo vya plastiki, la sivyo itapiga shoti. Joto nalo lipewe njia: hewa baridi iingie chini, ya moto itokee juu. Raspberry Pi 4 ikifika nyuzi 80 za Selsiasi huanza kujipunguzia kasi, na watu hulaumu kompyuta kumbe wameinyima pumzi. Tena chuma huzuia mawimbi ya Wi-Fi, kwa hiyo tumieni waya wa mtandao, au antena itokeze nje.

Redio inayoimba bado, au inayoweza kutengenezwa, iacheni iimbe. Nimeona watu wakitumbua redio nzuri ya mbao ya wazee wao ili wapate pambo, na sikubaliani nao. Kinachofaa kufunguliwa ni kile ambacho fundi redio amekwisha kukikatia tamaa.

Yaliyotolewa ndani nayo yasiachwe uani. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa inavyostahili hazikufika robo. Bodi na transfoma zipelekwe kwa mafundi wanaozinunua kwa ajili ya vipuri, na nyaya zimenywe kwa kisu. Wale wanaozichoma ili wapate shaba waambiwe waziwazi, na majirani, na serikali za mitaa, kwamba moshi ule ni sumu, na wa kwanza kuuvuta ni watoto waliotumwa kuukoka moto.