Mwambie mama huyu maana ya riba yenu

Tangazo la kazi ya mchambuzi wa mikopo likibandikwa ukutani, wengi wetu wa kitivo hiki tunapita tu: hiyo ni ya watu wa uchumi. Nami nilikuwa nikisema hivyo. Mwishowe nilipeleka barua kwa sababu ya njaa, na taasisi moja ya mikopo hapa Kisangani ikaniita. Naandika niliyoyakuta huko, maana yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Kwanza watakuuliza wewe ni nani, kwa Kifaransa. Hapo usipoteze usingizi. Kisha wanakupa karatasi. Yangu ilimhusu mama mmoja wa kubuniwa, anayenunua mchele na mafuta ya mawese Banalia na kuviuza hapa mjini. Anaomba dola 1.000 kwa miezi 10, na hana daftari lolote. Kazi yako ni kujenga hesabu kutokana na maneno yake: magunia mangapi kwa safari, safari ngapi kwa mwezi, nauli ya lori kwa hizo kilomita 128, siku ngapi lori linakwama matopeni. Chakula cha nyumbani na ada ya watoto vinatoka wapi? Likelemba anatoa kiasi gani? Usipouliza hayo utahesabu faida ambayo imeshaliwa.

Halafu kuna mtego wa fedha mbili. Mama anauza kwa franka, deni ni la dola. Dola ikiwa franka 2.000, malipo ya dola 100 ni franka 200.000; ikipanda hadi 2.800, ni 280.000, na mchele wake haukuongezeka hata kikombe.

Haya yote niliyaandika vizuri. Riba ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi, nikaijaza kwenye ratiba ya malipo, nikajiona mtu. Ndipo mtahini wa tatu, mama mtu mzima ambaye hakuwa amesema neno, akafunga faili.

“Sasa, mdogo wangu, mimi ndiye mama wa Banalia. Nielezee hiyo riba yenu.”

Aliuliza kwa Kiswahili. Nilianza, nikatia neno la Kifaransa, nikatia la pili, kisha la tatu.

“Mimi sikusoma, mdogo wangu,” akasema.

Nikanyamaza. Mimi, mwenye alama nzuri za ngeli za majina!

Jibu nililipata njiani, nikiwa nyuma ya toleka. Mama, ukirudisha dola 100 kila mwezi, mwezi wa pili deni lako ni 900 tu. Uliza: riba inahesabiwa kwenye hizo 900, au bado kwenye 1.000 za mwanzo? Ikifuata deni lililobaki, riba yote itakuwa dola 165. Ikishikilia zile 1.000, itakuwa 300. Asilimia ni ileile 3, na tofauti ni dola 135 za mtu ambaye ametia kidole gumba kwenye karatasi asiyoisoma.

Kazi sikuipata, na sina kinyongo. Ninachosema ni kwamba swali lile la mwisho lilistahili kuwa la kwanza, na sisi ndio tulipaswa kulijibu kuliko wote. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Maneno tunayo: mtaji, dhamana, deni, riba, faida. Tunayajua kama maneno ya kamusi, hatujawahi kumweleza nayo mtu anayetaka kukopa.

Rafiki yangu wa uchumi anapinga. Anasema tangu Kongo ijiunge na OHADA mwaka 2012 hesabu zina utaratibu mmoja, kwa Kifaransa, na kutafsiri kutaleta mkanganyiko. Mizania na ibaki hivyo, mimi sina shida nayo. Lakini mama haombi mizania, anauliza atalipa ngapi. (Na ukifika Banalia kwenyewe, huenda ukahitaji Kilingala kabla ya Kiswahili. Hilo nalo tulikubali.)

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu: katika mtihani wa mdomo ujao, mpeni mwanafunzi ukurasa mmoja wa mkataba wa mkopo na dakika kumi, kisha mmoja wenu awe mama wa sokoni. Mimi ninao mkataba mmoja, jina la mkopaji limefutwa. Nitauleta Jumatatu.