Siku ya Mwisho Ndiyo Unapanda Noah?

Haya jamani, leo tuambiane ukweli. Simtaji mtu jina, mwenyewe anajijua.

Kaka kazunguka nchi na baiskeli peke yake, miezi miwili. Jua lake, mvua yake, malori yanamkosakosa. Akishuka kutokea Tanga, usiku wa mwisho akalala Miono kwa mama mmoja ambaye hata simu janja hana. Akapewa maji ya kuoga, ugali na godoro.

Ikabaki siku moja tu: atokee Mandera, avuke Wami, Msata akunje kushoto, kisha lami kilomita 64 hadi Bagamoyo, na mananasi ya Kiwangwa njiani.

Wapi! Ikaja Noah ya marafiki. Baiskeli juu, kaka ndani. Karibu na mji akashushwa, akajimwagia maji yaonekane jasho. Ngoma, kamera, "nimemaliza!"

Jamani, Bagamoyo hiyo hiyo! Mwaka 1874 Chuma, Susi na wenzao waliufikisha hapo mwili wa Livingstone, wameubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Njiani walishauriwa wauzike Unyanyembe, wakakataa. Mzigo anautua aliyeubeba.

Kuchoka si dhambi, hata gari si dhambi. Ungesema tu "nimechoka", tungekupenda zaidi. Kinachoniuma ni yule mama, kwenye picha zote hayupo, wala hakutajwa.

Kaka, rudi Miono ukamshukuru, halafu uanzie hapo. Siku yako bado inakusubiri.

Au nakosea, wadau?