Presha ya Ukoo: Urithi Si Hukumu

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Umoja na Kayole, shinikizo la damu huitwa presha, na aghalabu huelezwa kwa kauli moja: "Presha ni ya ukoo." Kauli hiyo ikishatamkwa, mjadala hufungwa. Aliyefiwa na mzazi kwa kiharusi hungoja zamu yake. Ambaye wazazi wake hawakuugua hujiona salama, asipime. Makala haya yanashikilia kwamba wote wawili wamepotoshwa na neno kurithi.

Ukoo una sehemu yake, bila shaka. Uchunguzi wa mapacha na wa familia umeonyesha kwamba takribani asilimia 30 hadi 50 ya tofauti za shinikizo la damu baina ya watu hutokana na jeni. Ugumu wa ateri nao una sehemu ya urithi. Ateri changa hutanuka moyo unaposukuma damu, kisha hunywea. Nyuzi zinazoipa unyumbufu zikichakaa, ateri hukakamaa na shinikizo hupanda. Hata hivyo, isipokuwa katika maradhi machache adimu, hakuna jeni moja ya presha. Zimetambuliwa sehemu zaidi ya 1,000 za jenomu zinazohusika, na mchango wa kila moja ni mdogo mno.

Kenya yenyewe imetoa ushahidi mzito juu ya jambo hili. Mwaka 1990, jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa Poulter na wenzake, waliowafuatilia Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kuja Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Shinikizo la wahamiaji lilipanda mapema baada ya kuhama, na katika mkojo wao uwiano wa sodiamu kwa potasiamu ulikuwa mkubwa zaidi. Jeni zao hazikubadilika njiani. Kilichobadilika ni chakula na maisha. Baadaye, mradi wa AWI-Gen ulichunguza jeni na afya ya wakazi wa Korogocho na Viwandani, kwa kuwa tafiti nyingi za awali ziliegemea watu wenye asili ya Ulaya. Wakazi wa Eastlands, basi, wamechangia elimu hii kwa damu yao, ilhali matokeo yake yameandikwa kwa Kiingereza.

Hapa ndipo wajibu wa wanakiswahili unapoanza. Katika Kiswahili mtu hurithi shamba, nyumba au cheo: kitu kizima kinachotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Presha haihamishwi hivyo. Kinachorithiwa ni mwelekeo, nao huchochewa au hutulizwa na chumvi, uzito, pombe, mazoezi na dawa. Wafasiri na waandishi wa vijitabu vya afya wangesema "kurithi mwelekeo wa presha" badala ya "kurithi presha".

Wapo watakaosema kwamba neno haliponyi. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulibaini kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima nchini Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu. Muuguzi anapouliza, "Kwenu kuna presha?", jibu la ndiyo linapaswa kuwa sababu ya kupima mapema, na jibu la hapana lisimzuie mtu kupima.