Seneta akirudi nyumbani Desemba: mambo ya kumwuliza kabla ya Februari

Desemba ikifika, magari ya kwenda mashambani hujaa. Lakini wanaorudi nyumbani si wafanyakazi wa Nairobi na Mombasa peke yao. Bunge la Kenya nalo huenda likizo ndefu mapema mwezi huo, na kikao kipya huanza Februari. Kwa hiyo seneta ambaye hamjamwona kijijini tangu Pasaka, sasa mnaweza kumwona mara tatu kwa juma moja: mazishini Ijumaa, kwenye fainali ya kombe la vijana Jumamosi, na kanisani Jumapili.

Kila anapofika hupewa kipaza sauti. Atatoa pole au pongezi, atawashambulia wapinzani wake kidogo, atatoa mchango, kisha ataahidi. Barabara itawekwa lami. Zahanati itapata dawa. Shule itapata madarasa.

Swali la kujiuliza ni hili: katika ahadi hizo, ni zipi ambazo seneta anaweza kuzitimiza kwa mujibu wa kazi yake?

Seneta hana hazina ya kujenga

Tuanze na hapa, maana ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Mbunge wa eneo bunge ana hazina ya NG-CDF, ndiyo inayojenga madarasa na kutoa basari. Mwakilishi wa kike wa kaunti ana hazina ya NGAAF kwa ajili ya vikundi vya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu. Gavana anasimamia bajeti ya kaunti: zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, kilimo, maji na shule za chekechea. Mwakilishi wadi, yaani MCA, hupitisha bajeti hiyo katika bunge la kaunti na kumhoji gavana.

Seneta hana hazina ya miradi. Kwa miaka mingi maseneta wamedai wapewe fedha zao, lakini hata hizo wanazodai ni za kufuatilia matumizi ya kaunti, si za kujenga. Kwa hiyo seneta akiahidi lami mbele ya jeneza, anaahidi fedha zilizo mikononi mwa mtu mwingine. Anaweza kumsihi gavana au waziri, lakini hawezi kusaini hundi.

Hii haina maana kwamba kazi ya seneta ni ndogo. Ana kitu ambacho mbunge na gavana hawana.

Kura moja kwa kila kaunti

Kifungu cha 96 cha Katiba ya 2010 kinasema Seneti inawakilisha kaunti na kulinda maslahi yao. Seneti hushiriki kutunga sheria zinazohusu kaunti, huamua jinsi fedha zinavyogawanywa kati ya kaunti zote 47, na hufuatilia matumizi ya fedha hizo. Pia ndiyo inayosikiliza na kuamua kesi ya gavana aliyeng'olewa na bunge la kaunti yake.

Seneti ina wanachama 67 mbali na Spika. Kati yao, 47 wamechaguliwa na wananchi, mmoja kwa kila kaunti. Wengine 20 wameteuliwa na vyama: wanawake 16, vijana wawili na watu wenye ulemavu wawili. Lakini jambo linapohusu kaunti, hawapigi kura mmoja mmoja. Kila kaunti ina kura moja, na anayeipiga ni seneta aliyechaguliwa au mtu aliyemruhusu, kwa niaba ya ujumbe wa kaunti. Lamu yenye watu wachache ina kura sawa na Nairobi yenye mamilioni. Ili jambo lipite, kura 24 zinahitajika.

Kwa hiyo seneta wako asipofika siku hiyo, au akifuata amri ya chama bila kuangalia kaunti yenu inapata nini, ni kaunti nzima iliyokosa sauti.

Tulichojifunza mwaka 2020

Wengi wanakumbuka mvutano wa 2020. Seneti ilitakiwa kupitisha kanuni mpya ya kugawa fedha. Pendekezo lililokuwa mezani lilitilia mkazo idadi ya watu. Kaunti zenye watu wengi zingeongezewa, na kaunti kubwa zenye watu wachache, hasa za kaskazini na baadhi za Pwani, zingepoteza.

Maseneta walikutana mara nyingi bila kukubaliana. Mwaka wa fedha ulianza Julai mosi bila kanuni. Mwezi Agosti maseneta watatu waliokuwa wakipinga pendekezo hilo, wa Kakamega, Bomet na Samburu, walikamatwa na polisi. Kaunti zilikaa bila fedha, na Baraza la Magavana likatangaza kwamba zingefunga shughuli.

Hatimaye, Septemba 17, 2020, yalipatikana maafikiano. Mwaka ule kaunti zingegawana shilingi bilioni 316.5 kwa kanuni ya zamani. Kanuni mpya ingeanza mwaka uliofuata, kwa sharti kwamba fedha zote ziongezwe hadi bilioni 370, ili kaunti nyingine ikiongezewa, yako isipunguziwe.

Mafunzo ni mawili. La kwanza, maseneta wakishikamana wanaweza kuongeza fedha: tofauti ilikuwa zaidi ya bilioni 53. La pili, wakichelewa, anayeumia ni mgonjwa anayefika zahanati na kuambiwa akanunue dawa dukani.

Bilioni zinazopungua na kuongezeka

Mvutano wa namna hiyo hurudi karibu kila mwaka, ila hautangazwi sana. Mwaka 2024 kaunti zilikuwa zimetengewa bilioni 400.1. Baada ya maandamano ya vijana mwezi Juni na kuondolewa kwa Mswada wa Fedha, serikali ilisema haina uwezo, ikapendekeza bilioni 380. Mabunge mawili yalivutana, na mwishowe yakatua kwenye bilioni 387.4.

Mwaka 2025 Bunge la Kitaifa lilitaka takriban bilioni 405. Seneti ilitaka bilioni 465. Kamati ya upatanishi, yenye wajumbe kutoka pande zote mbili, ilikubaliana juu ya bilioni 415 kwa mwaka wa fedha wa 2025/26.

Tarakimu hizi husikika kama za mbali, lakini tuzilete nyumbani. Ile nyongeza ya bilioni 10 iliyopatikana 2025, ikigawanywa sawasawa kwa kaunti 47, ni zaidi ya shilingi milioni 200 kwa kila kaunti. Haigawanywi sawasawa, kwani kanuni huangalia mambo kama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Hata hivyo unapata picha. Mchango wa shilingi laki moja unaotolewa kanisani na kupigiwa makofi ni mdogo mno ukiulinganisha na kura moja inayopigwa Nairobi bila makofi yoyote.

Fikiria pia ushuru wa kutunza barabara. Kila anayenunua petroli anaulipa, hata mwendesha bodaboda wa kijijini. Julai 2024 ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwaka huohuo wabunge na magavana waligombania bilioni 10.5 za ushuru huo: je, ziende kaunti au zibaki kwa mashirika ya serikali kuu? Ikiwa barabara ya soko lenu ni ya kaunti, hilo linakuhusu moja kwa moja, na seneta wako alipaswa kuwa na msimamo juu yake.

Kwa nini Desemba ndio wakati wake

Kuna sababu tatu, na zote ziko kwenye kalenda.

Kwanza, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anatakiwa na Katiba kumaliza ripoti zake ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia Desemba 31. Ripoti hizo hueleza jinsi kila kaunti ilivyotumia fedha. Baada ya hapo zinatakiwa kujadiliwa ndani ya miezi mitatu.

Pili, kufikia katikati ya Februari, Hazina ya Kitaifa hupeleka bungeni taarifa ya sera ya bajeti, pamoja na mswada unaosema serikali kuu itabaki na kiasi gani na kaunti zitapata kiasi gani. Katiba inasema kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya kitaifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa. Kiwango cha juu hakikuwekwa, kwa hiyo hapo ndipo penye mabishano.

Tatu, kaunti zenyewe huandaa mpango wao wa fedha kufikia mwisho wa Februari na makadirio ya bajeti kufikia mwisho wa Aprili.

Maana yake ni kwamba seneta anayekula Krismasi nanyi atakaa kwenye meza ya mambo hayo wiki chache baadaye. Ukingoja mpaka Juni, mambo mengi yatakuwa yameshaamuliwa.

Anamchunguza gavana, au anatafuta kiti chake?

Mada nyingine utakayoisikia sana kwenye mikutano ya likizo ni ufisadi wa kaunti. Ni haki ya seneta kuuliza. Seneti imewahi kuonyesha meno: ilimwondoa Ferdinand Waititu wa Kiambu Januari 2020, Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huohuo, na Kawira Mwangaza wa Meru Agosti 2024.

Lakini msikilizaji aweke jambo moja akilini. Kiti cha gavana kina fedha na mamlaka, na maseneta wengi hukitamani. Mwaka 2022 maseneta kadhaa walihamia huko, wakiwemo Johnson Sakaja wa Nairobi, Susan Kihika wa Nakuru, James Orengo wa Siaya, Mutula Kilonzo Junior wa Makueni na Irung'u Kang'ata wa Murang'a. Si kosa kutaka kuwa gavana. Ila uchaguzi wa Agosti 2027 unapokaribia, inafaa kutofautisha uchunguzi na kampeni.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Anayechunguza hutaja ripoti, mwaka, kiasi cha fedha na mradi, kisha anasema kamati ya Seneti imefikia wapi. Anayefanya kampeni hutaja jina la gavana na kumtukana, kisha anaondoka.

Bahasha na madhabahu

Makanisa yenyewe yamechoka. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia ibadani. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Novemba mwaka huo Kanisa Katoliki jijini Nairobi lilikataa mamilioni ya shilingi ambayo Rais mwenyewe alikuwa ametoa katika kanisa moja.

Ni kweli pia kwamba sisi wananchi tuna mchango wetu. Kiongozi akija mikono mitupu tunanung'unika kwamba ni mchoyo. Akija na bahasha tunamsifu, hata kama mwaka mzima hakusema neno bungeni. Kiongozi naye hufanya kile kinachomletea sifa.

Maswali matano ya kumwuliza

Akija kwenye baraza au mkutano wenu, mwulizeni kwa heshima:

1. Mwezi Februari utaunga mkono kaunti zipewe shilingi bilioni ngapi, na kwa sababu gani?

2. Mwaka uliopita kaunti yetu ilipata kiasi gani, na fedha zilichelewa kwa miezi mingapi?

3. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu inasema nini kuhusu hospitali yetu ya kaunti, na umemwuliza nani?

4. Ni mswada gani ulioleta wewe mwenyewe, na umefika hatua gani?

5. Hii barabara unayotuahidi ni ya serikali gani, na fedha zake ziko kwenye bajeti ipi?

Msiridhike na jibu la "tunafuatilia". Mwandikeni jibu lake na tarehe kwenye simu zenu au kwenye daftari la kikundi. Likizo ijayo akirudi, mtasomeana.

Na hamlazimiki kungoja aje. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni ili jambo lishughulikiwe. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, hata kwa mkono, na kutumwa kwa Karani wa Seneti. Kikundi cha wafugaji ambao josho lao limekauka, au wazazi wa kijiji kisicho na muuguzi, wanaweza kulituma bila kupitia kwa mwanasiasa yeyote.

Mchango atakaoacha seneta huenda ukanunua viti vya kanisa au sare za timu, na hilo si baya. Lakini dawa za zahanati mwaka ujao zitategemea namna alivyotumia kura yenu. Hiyo si mali yake ya kutoa kama zawadi. Ni ya kaunti, naye ameibeba tu.