Siku mtandao ukikatika: barua ya wazi kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao

Kwako Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Serikali Mtandao,
Dodoma.

YAH: HUDUMA ZA SERIKALI KUHAMIA KWENYE WINGU

Ndugu Mkurugenzi,

Kila unapozuka mjadala wa kuhamishia mifumo ya Serikali kwenye wingu, yaani kukodi seva na hifadhi zinazofikiwa kwa intaneti badala ya kila taasisi kununua zake, mabishano huishia palepale: data zikae ndani ya nchi au nje? Wa huku wanataja usalama wa Taifa, wa kule wanataja gharama. Kwa maoni yangu swali hilo limepewa uzito usiolistahili. Mwananchi aliyesimama dirishani ana lake: mfumo ukianguka, atahudumiwaje, na utarudi lini?

Watazame waliobakiza kila kitu nyumbani. Tarehe 26 Septemba 2025, betri za lithiamu ziliwaka moto katika kituo cha data cha Serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mifumo zaidi ya 600 ikazimika. Hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, yenye terabaiti 858, ikateketea bila nakala rudufu mahali pengine. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa! Na hiyo ni nchi iliyotuacha mbali kwa teknolojia.

Upande wa pili nao hauna nafuu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Mfumo ambao siku ile ungekuwa umehifadhiwa Cape Town au Dublin peke yake ungekuwa hewani huko uliko, na wengi wetu tungeufikia kwa shida au tusingeufikia kabisa. Tena si mkongo tu unaoweza kutukatia. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Kampuni inayokuahidi upatikanaji wa asilimia 99.9 haihesabu siku kama hizo, maana seva zake zilikuwa zinafanya kazi.

Sisemi tusihamie. Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, familia kote nchini hufungua kurasa zilezile kwa wakati mmoja, kisha kurasa hizo hukaa miezi bila wageni wengi. Kununua mitambo ya kubeba saa hizo chache ni kutupa fedha. Tukodi, na hata ikiwa nje ya nchi hakuna neno, kwani matokeo hayo tayari huwekwa hadharani. Tuanzie hapo, pamoja na fomu, sheria na matangazo ya zabuni. Majalada ya wagonjwa na kumbukumbu za ardhi yasubiri kidogo; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti yake juu ya taarifa zinazovuka mpaka.

Kwa hayo mazito, Estonia wamepata njia. Data zao ziko kwao, na tangu makubaliano ya mwaka 2017 nakala za zile muhimu zinawekwa Luxembourg, zikiwa na kinga mfano wa ubalozi. Nchi yenyewe haifikishi watu milioni moja na nusu. Sioni kinachoizuia Dodoma kukubaliana hivyo na jirani mmoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuseme Kigali.

Lakini nakala hazimsaidii mhudumu wa zahanati kule Liwale ikiwa programu yake haifunguki pasipo intaneti. Anayetaka mtandao uwepo ndipo jina la mgonjwa liandikwe alibuni mfumo akiwa mjini, kwenye kiyoyozi. Programu iandike papo hapo kwenye kompyuta ya zahanati, itume mtandao ukirudi. Hili linawezekana, na halitegemei seva iko bara gani. Kwangu mimi ndilo la kwanza.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ankara za kampuni kubwa za wingu kwa kawaida hukokotolewa kwa dola wakati sisi tunakusanya shilingi, na kuingiza data mara nyingi ni bure ilhali kuzitoa hulipiwa. Gharama ya kuondoka ijulikane kabla ya kusaini.

Ombi langu, Ndugu Mkurugenzi, ni kwamba kila mfumo unaomhudumia mwananchi uzimwe makusudi angalau mara moja kwa mwaka, kwa siku iliyopangwa, na ninyi mtangaze ulichukua saa ngapi kurudi na wananchi walihudumiwaje wakati huo. Mfumo utakaoshindwa zoezi hilo usiongezewe mkataba, uwe umehifadhiwa Dar es Salaam au ng'ambo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi, Morogoro.