Mpira ukipigwa, nao hupiga

WATOTO wengi wakifundishwa kanuni ya tatu ya Newton hurudi nyumbani na swali gumu. Mwalimu amesema kitu kikisukuma kingine, nacho husukumwa kwa nguvu ileile kuelekea upande wa pili. Sasa kama nguvu hizo zinalingana, mbona hazimalizani? Mpira unarukaje?

Mzazi anaweza kulijibu kwa mchezo wa besiboli, unaopendwa sana Marekani na Japani. Mrushaji hutupa mpira mgumu wa takriban gramu 145, na mwenzake huupiga kwa rungu la mbao lenye uzito unaokaribia kilo moja. Viwili hivyo hugusana kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika muda huo rungu huusukuma mpira, na mpira hulisukuma rungu kwa nguvu ileile.

Hazimalizani kwa sababu kila moja iko kwenye kitu chake. Mpira ni mwepesi, hivyo hugeuzwa na kuruka mbali. Rungu ni zito, hivyo hupungua kasi tu. Lakini wakati mwingine huvunjika, na hapo mtoto ataona kwamba mpira nao umepiga.

Kichwa nacho hakisamehewi na kanuni hii. Agosti 16, 1920, mchezaji wa Cleveland, Ray Chapman, alipigwa kichwani na mpira uliorushwa katika mechi jijini New York. Alifariki siku iliyofuata. Wakati huo wapigaji hawakuvaa kofia ngumu. Leo kwenye ligi kubwa ni lazima.

Kofia husaidiaje? Huitawanya nguvu ya pigo, na sehemu yake laini ya ndani hurefusha kidogo muda wa kichwa kusimama. Muda ukirefuka, nguvu hupungua.

Jambo hilo linaweza kujaribiwa uani. Mtoto arushiwe chungwa taratibu, alidake mikono ikiwa imekaza. Kisha arushiwe tena, safari hii airudishe mikono nyuma pamoja na chungwa. Atasikia mwenyewe tofauti kwenye viganja.

Akishaelewa hivyo, ataelewa pia kwa nini anavalishwa kofia akipanda baiskeli au bodaboda. Kichwa kikiipiga lami, lami nayo hukipiga kwa nguvu ileile.